Vista Ilibeba Lawama, 7 Ikala Sifa: Tuache Kuchagua Windows kwa Majungu

Leo hakuna penzi lililovunjika wala bifu la wasanii. Leo tuna bifu jingine, lile lililopo kila geto lenye laptopu: Windows ipi kali na ipi takataka. Ukitaka kuchafua hali ya hewa kwenye grupu la WhatsApp la chuo, andika tu "Windows 11 ni nzuri kuliko 10" halafu weka simu chini. Ukirudi utakuta meseji mia na ushee, na mtu mmoja ameshajitoa kwenye grupu.

Mimi msimamo wangu nautoa mapema ili asiyetaka kuendelea akaangalie mambo mengine. Nyingi ya hizi sifa tunazozipa Windows hazitokani na ubora wake. Zinatokana na mambo matatu: mashine zilizokuwepo siku ilipotoka, nani alitangulia, na nani alikuja kumpokea kijiti. Na kwa sasa majungu haya yanatugharimu, maana kuna watu wanafanya miamala ya benki na kuandika tasnifu kwenye mfumo usio na ulinzi, kisa tu mtaani wamesikia "11 mbovu, kaa na 10 yako".

Twende taratibu.

XP haikuzaliwa mtakatifu

Windows XP ilitoka tarehe 25 Oktoba 2001. Wengi wetu tuliikuta shuleni au steshenari, kile kilima cha kijani chini ya anga la bluu, na mpaka leo ukikiona moyo unalainika. Watu wanaisimulia XP kama bibi anavyosimuliwa baada ya msiba: hakuwahi kukosea.

Lakini mwaka 2003 mdudu aitwaye Blaster aliingia kwenye kompyuta za watu duniani kote bila hata mtu kufungua barua pepe. Unashtukia kompyuta inakwambia itajizima baada ya sekunde 60, na inajizima kweli. Kelele zilikuwa kubwa mpaka Agosti 2004 Microsoft wakatoa Service Pack 2, iliyokuja na ukuta wa ulinzi ambao sasa ulikuwa umewashwa tayari. XP tunayoiimba leo ni ile ya baada ya hapo.

Halafu XP ilikuwa na bahati ya kukaa kitini muda mrefu. Zaidi ya miaka mitano ilipita bila mrithi. Printa zote, magemu yote, programu zote za maofisini zilitengenezwa zikiifikiria yenyewe. Ukikaa kwenye kiti muda wote huo kinachukua umbo lako. Anayekuja baada yako akikalia, kitamchoma tu.

Vista, mbuzi wa kafara

Aliyekuja kukalia ni Vista, ikaingia madukani tarehe 30 Januari 2007. Hapa ndipo stori inanoga.

XP ilikuwa inakubali kuingia hata kwenye kompyuta yenye RAM ya MB 64. Vista ikadai MB 512 kama kiwango cha chini, na ukitaka ule muonekano wake wa vioo inataka GB 1. Fikiria laptopu za 2007, kisha fikiria mtu anailazimisha humo. Ongezea na printa na skana ambazo watengenezaji wake hawakuwa wameandaa draiva za Vista. Mtu anafika nyumbani, printa yake nzima kabisa haisomeki. Anamlaumu nani? Vista. Ongezea lile dirisha la kuuliza ruhusa kila ukigusa kitu. Apple walilitengenezea hadi tangazo la kulikejeli.

Tena Microsoft wenyewe walijitia kitanzi. Walibandika stika kwenye kompyuta kusema zina uwezo wa kuendesha Vista, kumbe nyingine zilikuwa zinaweza toleo la chini kabisa tu, bila vile vioo. Wateja wa Marekani wakaenda mahakamani, na barua pepe za ndani zikatoka hadharani. Kigogo mmoja wa hapohapo Microsoft (jina tuliache, Google ipo) alikuwa analalamika kwamba laptopu aliyoinunua kwa dola 2,100 imebaki kuwa mashine ya kusomea barua pepe. Kigogo wa kampuni, wadau! Kama yeye aliingizwa mjini, mimi na wewe ni nani?

Sasa sikiliza hii. Mwaka 2008 Microsoft walichukua watu waliokuwa wanaiponda Vista, wakawaonyesha mfumo "mpya" walioupa jina la Mojave. Watu wakausifia. Mwishoni wakaambiwa: mliyoiona ni Vista ileile. Najua lile lilikuwa tangazo, na mashine za maonyesho zilichaguliwa ziwe nzuri. Lakini hoja inabaki palepale. Mpe mtu Vista kwenye mashine inayoiweza, mfiche jina, chuki inapungua. Wengi walikuwa wanachukia jina na laptopu isiyo na nguvu.

7 ilikuta njia imeshafyekwa

Windows 7 ilitoka tarehe 22 Oktoba 2009 na dunia nzima ikasema ahsante Mungu. Nakubali, ilikuwa nzuri. Ilipunguza uzito, ile mistari ya chini ya skrini ikapendeza, na yale madirisha ya kuomba ruhusa yakapungua. Lakini ukiingia ndani kuuliza namba halisi ya toleo, Vista inajibu 6.0 na Windows 7 inajibu 6.1. Ni nyumba ileile, imepakwa rangi na kurekebishwa milango.

Na ile miaka miwili na ushee katikati ilifanya kazi kubwa. Watengenezaji wa printa walikuwa wameshaandaa draiva kwa ajili ya Vista, na nyingi zikaendelea kufanya kazi kwenye 7. Laptopu zenye GB 2 za RAM zikawa za kawaida. Mnajua yule kocha anayetukanwa msimu mzima akisuka timu, anafukuzwa, halafu anayefuata anabeba kombe na vijana walewale? Basi hiyo ndiyo Vista na 7.

Bosi mmoja, sifa mbili

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Bosi aliyesimamia Windows 7, yule aliyeonekana mkombozi, ndiye huyohuyo aliyesimamia Windows 8. Ikatoka tarehe 26 Oktoba 2012, kitufe cha Start hakipo. Ukiwasha unakutana na skrini nzima ya vibox vya rangi kama rafu za duka, vimetengenezwa viguswe kwa kidole, wakati laptopu nyingi hazikuwa na skrini ya kugusa. Watu walikuwa wanatafuta pa kuzimia kompyuta! Wiki chache baadaye bosi akaondoka kwenye kampuni.

Cha ajabu, chini ya ule urembo Windows 8 ilikuwa inawaka haraka kuliko 7. Hakuna aliyejali. Oktoba 2013 ikaja 8.1, kitufe kikarudi, lakini jina lilikuwa limeshaharibika. Hapa majungu yalikuwa na haki, siwezi kuitetea. Ukimficha mtu mlango wa nyumba yake mwenyewe, usimlaumu akikutukana.

Kutokana na hayo ndiyo ikazaliwa ile kanuni ya mtaani: "Windows moja kali, inayofuata mbovu." 98 kali, ME mbovu, XP kali, Vista mbovu, 7 kali, 8 mbovu, 10 kali, kwa hiyo 11 lazima iwe mbovu. Tamu kuisikia. Ila jaribu kuuliza Windows 2000 inakaa wapi kwenye huo mstari. Ilitoka mwaka 2000, ilikuwa imara, na XP ilijengwa juu ya msingi wake. Ukiiweka, kanuni inavunjika, kwa hiyo wanairuka. Kanuni inayoruka wasioitaka ni ushirikina tu wa watu wenye chaji.

Na hii 10 mnayoililia leo

Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015, na mwaka wa kwanza kuhamia kutoka 7 au 8.1 ilikuwa bure. Mlioipokea mnakumbuka? Malalamiko yalikuwa kwamba inakusanya taarifa za watu, inajipakulia apdeti na kumaliza bando, inajizima na kujiwasha katikati ya kazi. Mwaka 2016 lile tangazo la kukuhamisha lilifika mahali ukibonyeza X ya kulifunga, linachukulia kwamba umekubali tarehe liliyokupangia. Watu waliapa watakufa na 7.

Miaka kumi baadaye watu walewale wanaapa watakufa na 10. Hawa wanapenda walichokizoea, basi.

Kwa 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, kuna lawama za haki na lawama za mazoea. Ikoni kukaa katikati ni mazoea, na unaweza kuzirudisha kushoto kwa dakika moja. Kulazimisha intaneti na akaunti ya Microsoft siku ya kwanza kwenye toleo la Home ni kero ya kweli, hasa kwetu sisi wa bando la kuungaunga. Lakini lawama nzito kuliko zote ni masharti: inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa upande wa Intel, kwa kiasi kikubwa inaanzia prosesa za kizazi cha 8. Maana yake ile Core i5 ya kizazi cha 6 uliyoinunua ya mtumba, ina RAM ya GB 8 na SSD, inakimbia vizuri tu, imeachwa nje ya mlango. Hapo Microsoft wamewakosea watu wa kipato chetu, na nitalisema bila kupepesa macho.

Ila tusichanganye mambo. "Wamenifungia mlango" ni kesi moja. "11 ni nzito" ni kesi nyingine, na wengi wanaoisema wameipiga kwenye laptopu ya RAM ya GB 4 yenye diski ya kuzunguka. Hizo GB 4 ni kiwango cha chini kilichoandikwa na Microsoft wenyewe, na kiwango cha chini maana yake itawaka, sio utafurahi. Wengine wanahukumu Windows ya kuchakachua iliyotoka kwenye flashi ya fundi, imezimwa apdeti, imejazwa vitu visivyojulikana. Hiyo ikikusumbua usiseme 11 mbovu wala 10 mbovu. Hiyo ni Windows ya fundi.

Kwa nini nalivalia njuga

Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta haikuzima, kwa hiyo watu wanaona poa tu. Tatizo ni kwamba mashimo mapya yakigunduliwa, hayazibwi.

Mei 2017 kirusi WannaCry kilifunga kompyuta duniani na kudai fidia, hata hospitali za Uingereza ziliathirika. Mtaani watu wakaisingizia XP kwa sababu ni nzee. Takwimu za Kaspersky zilipotoka, zaidi ya asilimia 90 ya mashine zilizoambukizwa zilikuwa na Windows 7. Ndiyo, ileile mpendwa wa watu. Na dawa yake ilikuwa imetoka tangu Machi mwaka huohuo, ila watu na maofisi hawakuipakua. Kupendwa hakuzuii virusi.

Kwa hiyo kabla hujamuuliza mshkaji "ipi kali", iulize laptopu yako. Microsoft wana kiprogramu cha bure kinaitwa PC Health Check, kitakwambia kama inakubali 11. Ikikataa kwa sababu ya TPM, usikate tamaa haraka, wakati mwingine chipu ipo ila imezimwa kwenye BIOS, fundi anayejua anaiwasha. Ikikubali na una RAM ya GB 8 na SSD, hamia, utazoea kama ulivyozoea 10. Ikikataa kabisa, kuna mpango wa nyongeza wa ulinzi wa Windows 10 kwa watu binafsi hadi Oktoba 2026, na njia mojawapo haina malipo: unaingia kwa akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio yako ihifadhiwe mtandaoni. Baada ya hapo fikiria Linux, hasa kama kazi zako ni brauza na kuandika.

Na ukienda kununua laptopu ya mtumba, muuzaji akikwambia "hii imepigwa 11", muulize prosesa ya kizazi cha ngapi. Kuna mafundi wanaopitisha 11 kwa mlango wa nyuma kwenye mashine isiyokubalika. Inawaka, inapendeza, lakini Microsoft hawakuahidi kwamba hiyo itaendelea kupata apdeti. Lipa bei ya kilichomo ndani, usilipe bei ya stika.

Siku 12 ikitoka, nina uhakika humuhumu kutakuwa na watu wanaililia 11. Nitapiga picha komenti zao.

Haya, uwanja wenu. Unatumia ipi, kwenye mashine ya namna gani, na nani alikwambia ni kali? Shusha komenti hapo chini, na wa timu XP mje kwa adabu.