Maji ya Moteri Hayachezewi Nyumbani

Ndugu mfanyakazi, kazini hufungui bomba la maji ya moto kabla ya kulifunga na kulipunguzia nguvu. Ukithubutu, kapita atakukemea mbele ya wenzako. Mbona basi Jumapili, uani kwako Butembo au Beni, unachomoa mipira ya maji ya motokari ingali na moto, na mtoto amekushikia tochi?

Tunajua unachotafuta. Katika motokari nyingi za esansi, mipira miwili myembamba hupitisha maji ya moto kwenye chombo kinachoipimia moteri hewa. Watu husema maji hayo yanaipasha hewa joto, na ukiyakata gari litapata nguvu ya kupanda kutoka Beni hadi Butembo.

Sisi tunasema ni kazi bure. Butembo iko karibu meta 1.800 juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na moteri isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu 1 kati ya 5 ya nguvu yake. Nguvu hiyo imechukuliwa na mlima, si na mipira ile. Kweli, maji yaliwekwa pale ili chombo kisigande kwa barafu katika nchi za baridi, na barafu hiyo kwetu haipo. Lakini katika magari mengi joto hilohilo ndilo linaloituliza moteri baada ya kuwaka. Ukiyakata maji, moteri hubaki ikinguruma juu na kula esansi. Tena mpira uliofungwa vibaya huvuja, na maji yakiisha mlimani moteri huharibika.

Hasara ya mwili inapita hiyo yote. Kifuniko cha radiateri huyabana maji, nayo gari likitoka mlimani yanaweza kupita digrii 100 bila kuchemka. Chunguni, hapa Butembo, maji huchemka kwa digrii 94 hivi. Ukifungua tu, yanachemka papo hapo na kuwarukia usoni, wewe na mtoto wa tochi.

Basi shika haya. Zima moteri, ungoje mpaka radiateri na mipira yake ipoe kabisa. Watoto wakae mbali. Usiyanyonye maji ya radiateri kwa mdomo: yale ya rangi mara nyingi yana sumu, nayo ni matamu. Mama wa nyumbani, usikubali yawekwe katika chupa ya limonadi. Mtu akiungua, mmwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usimpake mafuta wala dawa ya meno. Kisha mpeleke kituo cha afya.

Na kama gari halina nguvu, mwite fundi atazame kichujio cha hewa na mishumaa ya moteri. Mara nyingi ugonjwa uko huko.

Ndugu, sheria ya kazini usiiache langoni pamoja na kofia yako. Kapita anaulinda uso wako. Wewe ulinde wa mtoto wako.