Vitabu vya Darasa na Vitabu vya Raha



Baada ya kumhimidi Mola na kumsalia Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, napenda wiki hii tuzungumze juu ya kusoma. Na mazungumzo haya nayaanza kwa kukiri kosa langu.

Binti wa dada yangu, anayesomea Kiswahili chuo kikuu, alikuja likizoni akanizuru baada ya swala ya alasiri. Nikamuuliza habari za masomo. Akanijibu, "Mjomba, mimi nina masomo mawili: la mtihani na la kuufurahisha moyo."

La mtihani lilikuwa Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate. Darasani walihesabu mizani, kumi katika kila mshororo. Wakatazama na vina, vya mishororo mitatu ya mwanzo vilivyo sawa na cha nne kinachojitenga. Alama alipata nzuri. Lakini aliniambia kuwa katika kuhesabu kule hakusikia kitu. Sayyid aliusemeza moyo wake mwenyewe, akauonyesha majumba ya fahari ya Pate yaliyogeuka magofu. Naye mwanafunzi akawa anahesabu silabi kama mwenye duka anayehesabu sarafu. Ni baada ya mtihani, aliposoma upya bila ya kalamu mkononi, ndipo machozi yalipomtoka.

Kitabu cha raha kilikuwa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Humo mna kijana aitwaye Yusuf, ambaye babake alimtoa kwa tajiri kwa sababu ya deni. Mpwa wangu alipofika mahali bibi wa nyumba anapoirarua nguo ya kijana kwa nyuma, alikifunga kitabu akatabasamu. "Nguo ile niliijua, mjomba," akaniambia. "Niliisoma kwako, madrasa."

Hapo nikainamisha kichwa. Kwani miaka minane nyuma, katika madrasa hiyo hiyo, nilimkuta amekificha kitabu cha hadithi chini ya juzuu yake. Nilimnyang'anya, nikakitia kabatini, nikamwambia mbele ya wenzake kuwa hadithi ni upuuzi. Kumzuia asikisome wakati wa darasa ilikuwa haki yangu. Kuziita hadithi upuuzi ilikuwa dhulma. Tena nilisema hayo mimi niliyekuwa nikimfundisha Surat Yusuf, ambayo Mwenyezi Mungu mwenyewe ameisifu kuwa ni katika masimulizi yaliyo bora kabisa.

Ndugu zangu wazazi, sisemi kuwa kila kitabu chafaa kila mtu, wala riwaya si tafsiri ya Qur'ani. Peponi nilikiazima nikakisoma kwa siku nne. Yamo niliyoyapenda, na yamo niliyoyapinga, na yote hayo tulijadiliana na mpwa wangu barazani hadi adhana ya magharibi. Lau ningalikipokonya, ningalizipoteza jioni zile, naye angalikisoma peke yake gizani, bila ya mtu wa kumuuliza.

Basi tuwaulize watoto wetu wanasoma nini, na tuwaulize kwa upole, tusiwe kama askari wa forodha. Wakitutajia kitabu, tukisome nao. Nao vijana, mtihani ukisha, wavirudie vitabu vya darasa. Huenda wakakuta kuwa walivipita bila ya kuviamkia.

Kabla hajarudi chuoni nilifungua kabati nikamrudishia amana yake, nikamtaka radhi. Kilikuwa na vumbi, na ukurasa aliouishia ungali umekunjwa pembeni. Alinibusu mkono, akaketi ukumbini akaendelea kusoma kuanzia hapo.

Twamuomba Mola atuzidishie elimu yenye manufaa, na atusamehe tuliyowakosea watoto wetu kwa nia ya kuwalea. Wabillahi tawfiq.