Dadu ya Upogo Haikuwa ya Mjinga

Kila dadu kuukuu ya risasi au shaba inapochimbuliwa katika ardhi iliyotawaliwa na Warumi, hukumu moja hurudiwa: ikiwa pande zake hazilingani, aliyeitengeneza alikuwa ama mlaghai ama mjinga. Hukumu hiyo ni ya haraka, na ushahidi hauiungi mkono.

Jelmer Eerkens na Alex de Voogt walichunguza dadu 110 zilizopatikana Uholanzi. Za enzi ya Warumi nyingi zilikwenda upogo. Kuanzia karibu mwaka 1450 ulienea mtindo wa nukta za pande zinazokabiliana kujumlisha saba. Wapo wanaouona mwendo huo kuwa safari ya kutoka gizani. Lakini mlaghai huficha hila yake, na upogo huu ulionekana kwa kila aliyeishika dadu. Wala ufundi haukukosekana. Mfupa una umbo lake unaomlazimisha fundi. Risasi huyeyuka kwa moto mdogo na kumiminwa katika kalibu. Aliyetaka mchemraba kamili angeupata.

Basi, je, hawakujua haki ya mchezo? Katika makumbusho ya Bonn umo mnara mdogo wa shaba wa karne ya 4, uliopatikana Vettweiß-Froitzheim mwaka 1985. Dadu ilitumbukizwa juu, ikagonga vibao ndani, ikatokea chini pasipo mchezaji kuielekeza. Chombo hicho ni ushahidi kwamba Warumi waliujua udanganyifu na kuukinga. Waliutilia shaka mkono wa mtu, si umbo la dadu. Tafsiri iliyo karibu zaidi na ushahidi ni kwamba tokeo lilihesabiwa kuwa uamuzi wa majaliwa, na majaliwa hayazuiwi na ukingo uliopinda.

De Voogt huyo ndiye aliyepata udaktari Leiden mwaka 1995 kwa utafiti juu ya mabingwa wa bao Zanzibar. Bao lina kete 64 na halina dadu kabisa, na hakuna awezaye kulielewa kwa kupima mashimo yake huku akiwapa kisogo wachezaji. Warumi nao wanastahili haki hiyo. Anayeshika rula kabla ya kuuliza waliocheza waliamini nini hapimi dadu yao; anapima umbali uliopo kati yao na yeye, kisha anauita ujinga wao.