Mabaki ya Kitenge Nayo Yafundishwe

Mwanafunzi wa cherehani huku kwetu Kasese huanza na sare ya shule, akaingia kwenye blauzi, akamalizia na gomesi. Vipande vinavyoanguka chini ya meza havina somo. Hufagiwa vikachomwa. Mimi nafundisha ushonaji hapa Rukoki, na nasema vipande hivyo vipewe somo lao na mtihani wao.

Wazazi wengine hunijibu kwamba viraka ni kazi ya asiye na kitambaa kizima. Sikubaliani nao hata kidogo. Gauni linaweza kuficha mshono uliopinda. Mfarishi wa vipande vidogo hauwezi. Kata mraba wa inchi moja na nusu, uushone pande zote nne kwa kuacha robo inchi, na kinachoonekana mbele ni inchi moja tu. Zaidi ya nusu ya kitambaa imelala ndani ya mishono. Ndiyo maana kazi ya vipande vidogo huwa nzito, na makutano yake huvimba kama nundu fundi asipojua afanye nini.

Cha kufanya kipo. Ukiunganisha safu mbili za miraba, laza mishono ya safu ya juu kulia na ya safu ya chini kushoto. Ikilala upande mmoja, penye makutano utakuwa na matabaka sita upande huu na mawili upande ule, na sindano itayumba. Ikilala kinyume, ni manne kwa manne, na mishono hushikana yenyewe hata kabla ya pini. Ukifika hapo usikanyage pedali. Zungusha gurudumu kwa mkono, pigo moja moja. Pasi ya mkaa uibonyeze na kuiinua, usiiburute, maana mraba mdogo huvutika ukapoteza umbo. Kisha weka kipande cha ubao laini juu ya mshono ungali wa moto, ukandamize mpaka upoe. Ubao huo unaokotwa kwa seremala yeyote, bure.

Kitenge kipya kifuliwe kwanza, wanga utoke na kama kitaruka kirukie huko huko kwenye beseni. Wala usikichanganye na jinzi ya mitumba katika miraba midogo. Jinzi ina kazi yake, kwenye vipande vikubwa.

Wenzetu wamefika mbali na mabaki. Huko Karnataka, India, wanawake wa Siddi, watu wenye asili ya Afrika, hushona mifarishi iitwayo kawandi: hukunja kingo za kipande na kukishona kwa mkono juu ya kitambaa cha chini, wakianzia pembeni kuelekea katikati. Kampala, mbunifu wa mavazi Bobby Kolade na chapa yake ya Buzigahill hufumua mitumba iliyotoka nchi tajiri, huiunganisha upya na kuiuza huko huko ilikotoka. Hakuna anayewaambia kwamba hiyo ni kazi ya maskini.

Sisi tuna pamba inayolimwa tambarare za Nyakatonzi na mpaka wa Mpondwe unaopitisha vitenge kila siku. Kutoka Bwera mpaka mjini Kasese utakuta mafundi barazani, na chini ya kila cherehani pana rundo la rangi. Msichana asiye na mtaji wa kununua hata yadi moja anaweza kuanzia hapo, mradi kuna aliyemwonyesha namna ya kulaza mshono.

Walimu wenzangu, muhula ujao tengeni hata saa chache kwa vipande. Nanyi wanunuzi, mkiona mfarishi sokoni msivutwe na rangi za mbele peke yake. Ugeuzeni, mpapase makutano ya mishono kwa kidole, ndipo muulize bei. Na mkikuta makutano yamelala sawasawa, mlipeni fundi anachostahili.