Chumba chakavu kiuzwe kwa bei ya uchakavu wake

Hoteli kuchakaa si kosa la jinai. Pwani ya Kenya, kuanzia Diani hadi Malindi, ina majengo mengi yaliyosimamishwa miongo kadhaa iliyopita kwa ajili ya watalii walioletwa na ndege za kukodi kutoka Ulaya, na jengo la umri huo, lililo hatua chache kutoka majini, lina haki ya kuchoka. Mwenye nalo anaweza kutangaza bayana kwamba feni zina kelele, bwawa la kuogelea halitumiki, na kwa hiyo bei ni nusu. Wateja hatawakosa. Wakenya wamelala miaka mingi katika gesti zenye ndoo ya maji na taa moja bila kunung'unika, kwa kuwa walijua wanalipia nini. Ninachokipinga ni tabia ya kuuza chumba cha leo kwa picha zilizopigwa siku kilipofunguliwa, tena kwa bei inayopanda kila Desemba, halafu mgeni akilalamika anaambiwa hajui hali ya Pwani.

Anayefika katika hoteli ya namna hiyo hukaribishwa kwa glasi ya sharubati na tabasamu. Chumbani hukuta taulo mbili zimekunjwa mfano wa bata maji wawili wanaotazamana, na maua ya bogenvilia yametawanywa juu ya shuka. Chini ya shuka, godoro limebonyea katikati. Chandarua kimefungwa mafundo kila palipotoboka, rimoti ya televisheni imezungushiwa raba ili betri zisidondoke, na kiyoyozi kinatona ndani ya beseni. Ukikitazama chumba hicho kwa makini utagundua kwamba kazi ya mikono ipo, tena ni nzuri. Aliyezikunja taulo zile anaijua kazi yake. Nchi hii imekuwa na Chuo cha Utalii tangu 1975 na wahudumu wake hawana la kuona haya. Kinachokosekana ni vile tu ambavyo mhudumu hawezi kuvitoa mfukoni mwake: godoro, chandarua, gesi ya kiyoyozi, mabomba mapya. Hivyo hununuliwa na mwenye hoteli, na ni yeye aliyeamua visinunuliwe. Lakini anayefokewa saa nne za usiku ni binti wa mapokezi, ambaye hata funguo za stoo hana.

Utetezi wa kwanza husingizia bahari. Una ukweli ndani yake. Hewa ya chumvi hula mashine ya kiyoyozi iliyofungwa nje ukutani, na nondo ikishika kutu ndani ya zege huvimba, ikaipasua zege kutoka ndani. Ndiyo maana ufa kwenye roshani ya hoteli ya ufuoni si suala la urembo, ni suala la usalama wa anayesimama juu yake na anayepita chini yake. Makuti nayo hayadumu, hasa yakiezekwa kwa nafasi pana ili kubana matumizi. Hata hivyo bahari haikuhamia Pwani juzi. Nyumba za mawe za Lamu, mji ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, zimekaa na chumvi hiyo hiyo vizazi na vizazi kwa sababu kuta zake hurudiwa chokaa. Na Jumba la Maajabu la Unguja, lililojengwa 1883 likitazama maji, liliporomoka sehemu yake Desemba 2020 baada ya miaka ya kuharibika huku matengenezo yakichelewa. Chumvi ni gharama inayojulikana kabla ya kuchimba msingi, kama mafuta yalivyo kwa mwenye matatu. Asiyeiweka kwenye hesabu zake atakuwa anajihesabia faida isiyokuwepo.

Utetezi wa pili ni mzito zaidi, nao ni wa miaka mibaya. Mei 2014 Uingereza iliwaonya raia wake dhidi ya safari zisizo za lazima kwenda Mombasa na sehemu ya pwani jirani, kampuni ya Thomson ikawaondoa wateja wake na kusitisha safari zake za ndege kwa miezi kadhaa. Kabla majeraha hayajapona vizuri, 2020 ikaja na korona. Hakuna mwenye akili atakayemlaumu mwekezaji kwa kushindwa kupaka rangi mwaka ambao hakuwa na mgeni hata mmoja. Lakini miaka mibaya inaeleza kwa nini chumba kimechakaa. Haielezi kwa nini kinauzwa kana kwamba hakijachakaa. Isitoshe, Mei ya mwaka huo wa 2020, katika mpango wa kuufufua uchumi, serikali ilitangaza shilingi bilioni 2 za mikopo nafuu kusaidia ukarabati wa hoteli na kupanga upya biashara zao. Fedha za umma zikishatajwa, umma una haki ya kuuliza magodoro yako wapi. Na wageni wanaozishika hoteli hizi wakati Wazungu hawaji ni Wakenya wenyewe, ambao tangu reli ya SGR ianze kubeba abiria mwaka 2017 hujazana Mombasa kila likizo ya shule. Mteja aliyekuja wakati wa shida hapaswi kuwa ndiye wa kuvumilia chandarua chenye mafundo.

Wapo watakaosema mgeni asome maoni ya waliomtangulia, na akikosea ni juu yake. Ushauri huo unamfaa mtu anayesafiri peke yake akiwa na mkoba mmoja. Familia yenye watoto watatu, iliyokwisha kulipa yote na kushuka kwenye stesheni ya SGR ya Miritini jioni ya Desemba 24, haina pa kwenda, na mwenye hoteli analijua hilo vizuri kuliko yeyote. Wengine huogopa kwamba tukibana sana hoteli zitafungwa na vijana wa Pwani wakose kazi. Hofu hiyo haipuuziki. Ila hoteli inayooza hufukuza vijana vilevile, polepole: kwanza vibarua wa msimu, kisha mishahara inachelewa, kisha mgeni aliyedanganywa anawaambia jamaa zake, na mwaka unaofuata wote wanakwenda kwingine. Bei ya kweli ingeokoa kazi nyingi kuliko ukimya.

Sheria ya kuanzia ipo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mlaji haki ya huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na huduma hizo, na fidia akipata hasara kutokana na kasoro za huduma hizo. Sheria ya Utalii ya 2011 iliunda mamlaka ya kuidhibiti sekta hii. Kinachohitajika sasa ni masharti mepesi kutekelezwa. Kila hoteli iandike langoni, chini ya nyota zake na kwa herufi za ukubwa ule ule, tarehe ya ukaguzi wa mwisho. Nyota za kale zisisomwe kama za jana. Kila picha ya tangazo ioneshe mwaka ilipopigwa. Na mgeni anayekataa chumba ndani ya saa moja tangu akabidhiwe ufunguo, kwa kuwa hakifanani na kilichotangazwa, arudishiwe fedha zake zote papo hapo, kwa njia ile ile aliyolipia.

Mpaka masharti hayo yatungwe, msomaji unayepanga likizo ya Desemba una uwezo mmoja mkononi: malipo ya kwanza. Kabla ya kuyatuma, piga simu hotelini uulize ukaguzi wa mwisho ulifanyika lini, kisha uombe picha iliyopigwa leo ya chumba utakacholala wewe, bafu likiwemo. Wakikataa, usitume hata shilingi.