Mchezo Ambamo Nguvu ni za Mhusika

Askari arudipo kutoka zamu akamkuta mwanawe amekaa mbele ya televisheni akicheza mchezo wa video, mara nyingi huuliza neno moja tu: "Hiyo vita yenu itakwisha lini?" Machoni pake michezo hiyo yote ni mamoja: panga, bunduki na majoka. Lakini mtoto ajua kwamba ile iitwayo michezo ya uhusika ni jamii ya peke yake. Tena nasaba yake, jambo ambalo baba huenda asilitarajie, yatoka jeshini.

Mwaka 1824 afisa wa Prusia, Georg Heinrich Rudolf von Reisswitz, alitoa kanuni za mchezo wa vita wa kufunzia maofisa. Ulichezwa juu ya ramani, kwa vipande vilivyowakilisha vikosi, dadu za kukadiria hasara, na mwamuzi wa kukata shauri. Karne moja na nusu baadaye, mwaka 1974, Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons. Dadu zilibaki, na mwamuzi alibaki. Kilichobadilika ni kwamba mchezaji hakuamrisha tena kikosi, bali alishika nafsi ya mtu mmoja, pengine mpiganaji, pengine mchawi. Na mtu huyo hakutoweka usiku ulipokwisha. Juma lililofuata alirudi na mali yake na ujuzi wake.

Kutoka mezani mchezo uliingia katika kompyuta, nayo ikashika kazi ya mwamuzi. Mfano ulio wazi ni Dragon Quest, uliobuniwa na Yuji Horii na kutolewa Japani mwaka 1986. Shujaa akutanapo na adui, mchezaji hahitaji wepesi wa vidole. Huchagua tu: kupigana, kutumia uganga, kutumia kifaa au kukimbia. Hesabu ndiyo iamuayo. Adui mnyonge kuliko wote hutoa alama moja ya uzoefu. Alama 7 humfikisha shujaa daraja la pili, na 23 la tatu. Akishindwa, hupoteza nusu ya dhahabu yake, lakini uzoefu haunyang'anywi.

Mwaka huo huo wa 1986 kampuni ya Nintendo ilitoa The Legend of Zelda. Humo pia mna upanga, mapango na mazimwi, na wengi huuchanganya na jamii hii. Kipimo ni chepesi: mpe mchezaji hodari mhusika mchanga. Katika Zelda ataendelea kuwatimua maadui, kwa kuwa uhodari umo vidoleni mwake. Katika Dragon Quest, hata awe amecheza miaka kumi, ataanza dhaifu kama kuruta, kwa maana nguvu ni za mhusika, wala si zake.

Kwa hiyo madaraja peke yake hayatoshi kuwa alama ya jamii hii. Call of Duty 4, mchezo wa bunduki wa mwaka 2007, huwapandisha vyeo wachezao kwa kushindana, tena kwa alama za uzoefu. Hata hivyo risasi hulengwa kwa mkono wa mchezaji mwenyewe. Hapo cheo hakichukui nafasi ya shabaha yake.

Na kwa kuwa mhusika hukua polepole, kumhifadhi ni jambo zito. Michezo mingi ya leo hujihifadhi yenyewe. Ule wa Kijapani wa 1986 haukuwa na kumbukumbu. Ilimpasa mtoto amrudishe shujaa hadi kwa mfalme, apewe fumbo la herufi 20, alinakili karatasini bila kukosea hata moja. Baba aliyechomoa waya shujaa akiwa bado njiani alifuta kazi ya jioni nzima.