Mama, Saa Zako Zinakwenda Wapi?

Mwezi huu napenda tuzungumze juu ya neno ambalo nalisikia kliniki, kanisani na hata sokoni: "Dada, sina muda."

Anayesema hivyo kwa kawaida si mvivu. Ni mama aliyeamka saa 11 alfajiri, akawasha jiko, akawaandaa watoto kwenda shule, akaenda kazini, shambani au gengeni kwake, akarudi, akapika, akafua, na saa 4 usiku bado hajaketi. Ukimwambia ajitahidi zaidi, utakuwa unamwonea.

Siku ina saa 24 kwa kila mtu, wala hakuna ratiba itakayoongeza ya 25. Kupanga muda basi si kujaza kazi nyingi zaidi katika siku ile ile. Ni kuamua kazi ipi itangulie, ipi ifanywe na mwingine, na ipi isubiri. Sisi wauguzi tukiingia zamu, hatumkimbilii tu mgonjwa anayelia kwa sauti kubwa. Tunapokea kwanza ripoti ya wenzetu wanaotoka, kisha tunaanza na yule ambaye hali yake haiwezi kungoja. Mara nyingine huyo ndiye aliyenyamaza kabisa. Nyumbani nako, anayelia ni mtoto, sufuria na mgeni mlangoni. Anayenyamaza ni wewe mama.

Hebu tuangalie mambo manne yanayoweza kukusaidia.

1. Ijue siku yako kabla ya kuipanga

Chukua daftari kuukuu la mtoto. Kwa siku 3, andika ulichofanya na saa uliyokifanya, kwa kifupi tu. Utashangaa. Utaona dakika zilizopotea asubuhi kutafuta soksi moja, na safari 3 za dukani: chumvi, kisha kiberiti, kisha mafuta. Hayo ndiyo matundu yanayovujisha siku. Ukiyajua, ni rahisi kuyaziba.

2. Itengeneze asubuhi tangu jioni

Sare zipigwe pasi, viatu vipanguswe na mikoba ipangwe kabla watoto hawajalala. Maji ya kunywa yachemshwe usiku ili asubuhi yawe yamepoa. Kama kesho mtakula maharage, yachague, uyaloweke usiku kucha, kisha umwage maji hayo na kuyasuuza kabla ya kuyabandika. Yataiva mapema na mkaa wako utabaki.

Lakini angalieni jambo moja. Wengine hupika chakula cha siku 2 ili kuokoa muda. Kama huna friji, usifanye hivyo. Chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Muda uliookoa jikoni utaupoteza ukiuguza watoto wanaoharisha.

3. Gawa kazi

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18, Yethro alimkuta Musa akiamua mashauri ya watu peke yake kuanzia asubuhi hadi jioni. Alimwonya kwamba atachoka, yeye pamoja na watu wake, akamshauri achague wasaidizi. Musa alikubali. Sisi nasi tukubali.

Mtoto wa miaka 6 anaweza kukunja nguo zake na kupanga viatu. Wa miaka 9 anaweza kufagia na kuosha vyombo. Wavulana nao wafundishwe. Sahani haimwulizi mtu kama ni wa kike au wa kiume. Ila wadogo wakae mbali na jiko na sufuria za moto, maana vidonda vya moto huchukua muda mrefu kupona. Tena kazi isimnyime mtoto nafasi ya masomo na usingizi. Na kama una binti wa kazi, yeye naye ni mtoto wa mama mwenzako. Saa zako zisipatikane kwa kumkesheza.

Baba je? Wako akina baba ambao hawasaidii kwa sababu hawajawahi kuombwa kazi inayoeleweka. Kulalamika kwamba umechoka hakumwonyeshi la kufanya. Chagua wakati mzuri, ameshakula na ametulia, umwambie kwa upole: "Baba watoto, naomba jambo moja. Jumanne na Alhamisi jioni uwasimamie watoto kazi za shule, mimi nimalize jikoni." Ombi la namna hiyo lina siku, saa na mpaka wake. Ni rahisi kulikubali.

Hata kanisani, ukiwa tayari uko kwaya na kamati ya harusi, kusema "mwezi huu sitaweza" si dhambi.

4. Jiandikie tarehe

Hili ndilo ninalotaka mlishike kuliko yote. Kwa miaka mingi nimeona akina mama wakija na watoto kliniki, mvua au jua. Kwa nini hawakosi? Tarehe ya kurudi imeandikwa kwenye kadi. Lakini mtoto wa mwisho akishamaliza kliniki, mama mwenyewe hana kadi tena. Afya yake haina tarehe, na jambo lisilo na tarehe husukumwa mbele kila siku.

Ndiyo maana tunapokea mama anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa, au mwenye uchafu wenye harufu, aliyevumilia miezi mingi akingoja nafasi. Saratani ya mlango wa kizazi kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kujijenga. Kwa mwenye kinga dhaifu, miaka 5 hadi 10. Katika kipindi hicho chote, dalili za awali zinaweza kuonekana kwa kipimo na kutibiwa kabla hazijageuka saratani. Kipimo kimojawapo ni cha kupaka siki maalumu kwenye mlango wa kizazi na kuangalia, nacho huchukua dakika chache tu. Mwanamke aanze kupimwa akiwa na miaka 30, na anayeishi na virusi vya UKIMWI akiwa na miaka 25. Siku hiyo hiyo omba upimwe na shinikizo la damu, maana hilo linaweza kupanda bila dalili yoyote.

Kwa hiyo leo, kabla hujalala, ifungue kalenda ya ukutani. Chagua siku moja ndani ya mwezi huu, andika "Mama – kliniki", na uwaambie wote nyumbani. Mwombe baba au jirani unayemwamini akushikie nyumba asubuhi hiyo. Siku ikifika, nenda. Vyombo vitakungoja.